Orodha ya Timu ya Ntoto

Wenzangu mliobaki ofisini mmeniomba niandike kumbukumbu zangu, na mmoja wenu akaniletea hata kalamu mpya, nadhani kwa kuogopa nitasingizia wino. Asanteni. Vyeo sitavieleza, maana vyote vilikuja kwa barua na barua zenyewe zililiwa na panya. Nitaeleza kazi, na zaidi ya yote orodha moja ya majina kumi na manane niliyoipiga chapa kwa mikono yangu. Mmewahi kunung'unika kwamba nilikuwa mkali kupita kiasi kila mlipoleta orodha mezani kwangu. Mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Niliingia ofisi ya vijana na michezo ya teritware, yaani wilaya, ya Masisi kama mpiga chapa. Sikuwa nimewahi kupiga mpira hata siku moja. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa kuazima, tukikaa pamoja na watu wa kilimo ambao walianika maharagwe ya mbegu juu ya meza yetu. Jina la ofisi lilikuwa refu mno, likakatikia katikati ya mhuri. Mkubwa wangu, Papa Anselme, alikuwa mtu mrefu na mpole, mwalimu wa zamani wa mazoezi ya viungo, na siku ya kwanza hakuniuliza diploma. Alinipa pampu, sindano yake, na mpira uliolegea.

"Jaza," alisema.

Niliichomeka sindano kavu kwa nguvu zangu zote nikatoboa mpira wa ndani. Ulikuwa mpira pekee wa teritware nzima.

"Sindano, inafaa kwanza kuilowesha na mate," Papa Anselme alisema, bila kupandisha sauti. "Sasa, Mama Georgine, ukae ku mashini, uandike barua ya kuomba mupira ingine. Utaona, kazi yetu yote njo ile."

Hakukosea. Kwa miaka mingi kazi yetu ilikuwa kuomba. Tuliomba mipira, nyavu, na siku chache za tingatinga la kusawazisha uwanja, kwa sababu Masisi ni milima na timu inayocheza kuelekea chini hushinda kila mara. Papa Anselme alinifundisha kupima uwanja kwa hatua, kumbembeleza mfugaji atuachie kipande cha malisho baada ya kukamua, na kutoanzisha mechi ikiwa jua limeanza kushuka, maana watoto wana safari ya kurudi. Alinifundisha pia jambo ambalo nililishika kuliko yote. "Serikali haione muntu," alikuwa akisema. "Inaona jina yenye kuandikwa." Kijana asiye kwenye karatasi, kwa hesabu ya mkoa, hayupo, na asiyekuwepo hapewi mpira.

Mimi nilikuwa mpiga chapa, kwa hiyo maneno hayo yalinipendeza sana. Nilijivunia orodha zangu. Jina la ukoo, jina la pili, jina la ubatizo, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, yote kwenye safu zilizonyooka, bila herufi iliyofutwa. Papa Anselme alipokimbilia Goma wakati wa mapigano, akaugua na kufia huko, niliachiwa ufunguo wa ofisi, ile pampu na filimbi yake. Nililia siku nzima, kisha nikaendelea kupiga chapa.

Vita mnavijua, wengine mmezaliwa ndani yake. Nitasema tu vilivyofanya kazi yetu iwe nini. Kijana wa miaka kumi na sita aliyekaa bure katika kambi ya wakimbizi ya Lushebere, au sokoni Kitshanga akingoja mtu wa kubebewa mzigo, alikuwa akitafutwa na watu wawili: mimi na mwenye bunduki. Mwenye bunduki hakuhitaji kibali cha mkoa. Niliamini, na sioni haya kusema, kwamba kila jina nililoliandika mimi ni jina moja lililowaponyoka wao. Nilikuwa naandika barua kwa hasira. Mkuu mmoja mkoani aliniandikia kwamba vijana wa maeneo ya vita wana mahitaji ya haraka kuliko mpira, nami nikamjibu aje aniambie ni yapi kati ya hayo mahitaji amekwisha kuyaleta.

Mwishowe kibali kilikuja. Mkoa ungegharamia mipira, jezi, viatu na matengenezo ya viwanja kwa timu tatu: Lushebere, Kitshanga, na Ntoto kule upande wa Walikale. Sharti lilikuwa moja. Kila timu ilete orodha kamili ya wachezaji, iliyogongwa mhuri wa chifu wa kijiji, na siku ya kupokea kila mchezaji aitwe jina lake, aitikie, aweke sahihi. Niliruka ruka ofisini peke yangu, mwanamke mzima.

Lushebere na Kitshanga hazikunisumbua. Ntoto nilikwenda kwa miguu, siku mbili, matope mpaka magotini. Kipa na kapiteni wao, kijana mtulivu aitwaye Bahati, alinikusanyia wenzake mbele ya shule. Nikafungua daftari na kuuliza majina.

"Mapafu," alisema wa kwanza. Walimwita hivyo kwa sababu alikimbia mechi nzima bila kuhema.

"Jina yako ya kweli."

"Njo iyo, Mama. Batu bote bananiita Mapafu."

Aliyefuata alikuwa Sukari, na aliyefuata Kumi-na-Tatu. Nikafunga daftari. Niliwaambia Serikali haina habari za Mapafu, na jezi haitatolewa kwa Sukari. Kila mmoja akaenda nyumbani kuulizia jina lake. Mama wa Mapafu, mjane mdogo wa umbo aliyekuwa akimenya mihogo, alifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na kadi ya ubatizo iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Hakujua kusoma, ila alijua kadi ile ilikaa wapi hata walipokimbia mara tatu. Nikasoma kwa sauti: Bauma Asifiwe Gervais. Vijana walicheka mpaka wakaanguka. Hakuna aliyekuwa anajua kwamba Mapafu ni Gervais, na yeye mwenyewe alilirudia jina hilo chini chini kama mtu anayejaribu kiatu.

Kabla ya kuondoka niliwafundisha. "Siku vitu vitafika," niliwaambia, "mutaitwa na majina yote tatu. Mwenye kusikia yake ainue mukono, aseme: présent!" Tukafanya mazoezi ya neno hilo la Kifaransa, yaani nipo. Nikaita, wakaitikia. Mapafu aliitikia kwa nguvu hata mbuzi wakashtuka. Mama yake alisimama mlangoni akitazama, na sijawahi kuona mtu akifurahia jina la mwanawe namna ile.

Nilirudi Masisi nikapiga chapa. Na kwa kuwa nilikuwa hodari, niliongeza safu ambayo hakuna aliyeniomba. Juu yake niliandika *Poste*, yaani nafasi ya mchezaji uwanjani. Chini yake, kwa Kifaransa safi cha ofisi: *capitaine* mmoja, ambaye ni Bahati, *défenseurs* wanne, *milieux* watatu wa katikati, *attaquants* watatu, na Mapafu wa kwanza wao, wengine saba, *réserve*. Bahati alikuja kuichukua ili chifu aigonge mhuri. Aliikunja, akaitia kwenye soksi isilowane, akaniaga.

Siku ya nne mwanamke mmoja anayeleta mafuta ya mawese kutoka upande ule alipita ofisini. Hakutua mzigo.

"Mama Michezo, mutoto yako bamemukamata ku barrière. Banasema iko kapiteni."

"Ndiyo, ni kapiteni," nilijibu kwa upumbavu.

"Kapiteni wa basoda gani? Njo vile banamuuliza. Na banamupiga."

Hapo ndipo nilipoisoma nakala ya orodha yangu kwa macho ya mtu mwenye bunduki. Kapiteni wa askari. Washambuliaji. Walinzi. Akiba. Na juu ya yote, *Poste*, neno ambalo kwetu kila mtu analijua kuwa ni kambi ya askari.

Nilichukua mpira, mhuri na barua ya kibali, nikaondoka na yule mama wa mafuta. Kizuizi kilikuwa mti uliolazwa njiani, na kibanda cha maturubai. Ni watu wa nani, sitasema. Walikuwa wamebadilika mara mbili mwaka ule. Mkubwa wao alikuwa kijana kuliko mdogo wangu wa mwisho. Alikuwa na orodha yangu gotini.

"Mama, mi nilisoma," alianza. "Siko mujinga. Capitaine, moya. Défenseurs, bane. Attaquants, batatu. Réserve, saba. Iyi poste iko wapi?"

"Komanda, ile ni michezo ya mupira. Attaquant iko anashambulia goli."

"Goli ya nani?"

"Ya Lushebere," nilisema, na papo hapo nikaona kwamba ukweli ulikuwa mbaya kuliko uongo wowote. Lushebere kulikuwa na maadui zake.

Wakamtoa Bahati. Walikuwa wamempiga nyayoni. Miguu ilivimba kama ya mgonjwa wa matende, akaletwa akishikwa makwapani. Komanda alitazama mpira wangu.

"Kama iko muchezaji, acheze."

"Hawezi kusimama, Komanda, unaona mwenyewe."

"Basi haiko muchezaji."

"Iko golikipa," nilisema. "Golikipa anacheza na mikono."

Bahati hakungoja jibu. Alijitupa chini, akatambaa kwa magoti mpaka katikati ya mawe mawili, akageuka akatanua mikono. Mmoja wao akachukua mpira akapiga. Lilikuwa goli. Wa pili akapiga, Bahati akazuia kwa kifua. Wa tatu akapiga pembeni chini, naye akajirusha kutoka magotini, akautoa kwa ncha za vidole. Mtu akapiga kelele ya "kona!" Mwingine akabisha. Kwa dakika chache wale watu wenye bunduki walibishana kama watazamaji wa uwanja wowote, na komanda mwenyewe akaweka silaha kando, akarudi nyuma hatua tano, akapiga shuti la nguvu. Bahati aliudaka akaukumbatia, na alipoambiwa aurudishe hakuurudisha. Alikuwa analia bila sauti.

"Mubebe," komanda aliniambia.

Niliomba anirudishie na orodha yangu. Hapa nawaomba msome polepole, maana haya ndiyo mliyoniletea kalamu.

"Iyi inabakia," alisema, akiikunja. "Iko kazi muzuri, Mama. Majina yote, miaka, hata kijiji. Sijaona liste safi hivi."

Nami nikasema asante. Sifa ya kazi yangu, hata kutoka kwake, iliniingia moyoni kabla ya akili kuamka. Nilisema asante, nikamsaidia yule mama wa mafuta kumbeba Bahati.

Tulimfikisha kituo cha afya cha Nyabiondo. Nikakaa naye siku mbili, nikimkanda miguu kwa maji ya chumvi, nikijisifu kimya kimya kwamba nimemtoa mtu mdomoni mwa simba kwa mpira mmoja. Siku ya pili asubuhi, homa ilipompungua, aliniuliza:

"Mama, liste iko wapi?"

"Waliibakisha."

Akaniuliza sababu. "Juu ya nini balibakisha?"

Alitaka kushuka kitandani, akaanguka. Nilitoka mbio kumtafuta mwenye baiskeli wa kupeleka habari Ntoto vijana wajifiche, na mtu huyo alikwenda kwa kasi kuliko nilivyomlipa. Alifika mchana. Wao walikuwa wamefika asubuhi.

Niliyoyasikia baadaye niliyasikia kwa wengi, na wote walisimulia sawasawa. Wale watu hawakuvunja mlango hata mmoja. Walisimama mbele ya shule, pale pale niliposimama mimi, wakafungua karatasi, wakaita. Vijana wengi walikuwa porini wakipasua mbao. Watatu walikuwepo. Walipomwita Bauma Asifiwe Gervais, jirani zake hawakujua ni nani anayeitwa. Angeweza kunyamaza, akaendelea kuchuma ndizi, na hakuna mtu Ntoto nzima ambaye angemwonyesha kidole. Lakini Mapafu aliinua mkono akasema "présent!" akaja mbio, kwa sababu alidhani jezi zimefika.

Kati ya hao watatu waliochukuliwa, wawili walirudi mwaka huo huo, wakitoroka mmoja mmoja. Mapafu hakurudi.

Tangu siku hiyo orodha za vijijini sikuzipiga chapa tena kwa majina kamili. Mmeziona kabatini: Sukari, Kumi-na-Tatu, Fundi Mdogo, bila umri, bila kijiji, bila nafasi uwanjani. Majina ya kweli niliyabeba kichwani mpaka siku ya kupokea, na mkoa ukinirudishia faili nilipanda gari nikaenda kugombana uso kwa uso. Kuna vifaa tulivikosa kwa sababu hiyo. Kuna uwanja mmoja ulipewa watu wengine. Sijuti, na mkiona karatasi yenu ni safi sana, jiulizeni kwanza ni nani mwingine ataifurahia. Papa Anselme alinifundisha vizuri nusu ya somo. Nusu ya pili sikufundishwa na mtu niliyempenda.

Vifaa vya Ntoto vilikuja msimu uliofuata bila orodha, baada ya mimi kwenda kugombana mkoani, vyote, bila upungufu, jambo ambalo halijatokea tena. Nilitaka kumtuma mtu. Bahati, ambaye sasa alitembea kwa fimbo na ndiye aliyewafundisha wengine, aliniletea ujumbe mfupi kwamba nisipokwenda mwenyewe asiende mtu. Nikaenda.

Kijiji kizima kilikuwa mbele ya shule. Sikufungua karatasi. Niliita kwa majina ya uwanjani, Sukari, Kumi-na-Tatu, na kila mmoja alikuja taratibu, akaweka sahihi, akachukua jezi yake na viatu. Hakuna aliyepiga kelele. Nilipofika kwa mshambuliaji wa kwanza nilipita, nikamwita anayefuata.

"Umeruka wangu," sauti ilisema.

Mama wa Mapafu alikuwa amesimama nyuma ya watu. Wakampisha njia.

"Mama, unisamehe," nilisema. "Nilikosea. Mimi ndiye niliyeandika."

"Najua njo weye. Na mimi njo nilikupatia kadi." Alikuja mpaka mezani. "Soma jina yake."

"Mapafu..."

"Apana. Yote. Bale balisoma yote, kijiji yote ilisikia. Na weye usome."

Karatasi sikuihitaji. Nilisimama, maana jina lile sikuweza kulisema nimekaa, na nikaliita kama nilivyowafundisha, kwa sauti ya kufika mwisho wa uwanja: Bauma Asifiwe Gervais.

Yule mama akainua mkono wake juu kabisa, kama mtoto wa shule.

"Iko," alisema.

Nikamgeuzia daftari, akaweka kidole chake mahali pa sahihi, akachukua jezi na viatu akaenda navyo nyumbani.